Mashine za kamari: Zilikotoka, zinavyofanya kazi na kwa nini mchezaji hupoteza

MCHEZAJI aliyeketi mbele ya mashine ya kamari tangu asubuhi huamini jambo moja: kwamba mashine imekwisha kushiba sarafu na sasa iko karibu kutapika. Kwa hivyo, haondoki. Anachelea kwamba akiinuka, atakayechukua kiti chake ndiye atakayevuna alichopanda yeye.

Imani hiyo imewafilisi wengi. Inatokana na kutofahamu kinachoendelea ndani ya sanduku lile lenye taa na muziki. Mashine ya kamari haimpendi mtu wala haimchukii. Ni chombo cha hesabu kilichoundwa ili, baada ya michezo mingi, mwenye mashine abaki na sehemu fulani ya kila shilingi inayowekwa. Historia ya mashine hizi, ambayo sasa imepita karne moja, ni historia ya kuificha hesabu hiyo mbali zaidi na macho ya mchezaji.

Chimbuko lake

Mwaka wa 1891, kampuni ya Sittman and Pitt ya Brooklyn, New York, ilitengeneza mashine iliyokuwa na mapipa matano yaliyobeba picha za karata 50. Mteja wa baa alitumbukiza sarafu, akavuta mkono wa chuma, mapipa yakazunguka na kusimama yakionyesha karata tano, kama katika mchezo wa poka.

Mashine hiyo haikuweza kulipa chochote. Aliyepata karata nzuri alimwendea mwenye baa, naye akampa bia au sigara. Hata hivyo, hila ilikuwa tayari imeanza. Pakiti ya kawaida ina karata 52, na mbili zilizoachwa kwa kawaida zilikuwa kumi la shupaza na ghulamu wa kopa. Kukosekana kwake kulipunguza sana uwezekano wa mchezaji kupata mkono bora zaidi katika poka.

Aliyetatua tatizo la malipo ni Charles Fey, fundi mitambo mzaliwa wa Bavaria, Ujerumani, aliyehamia San Francisco. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Fey aliunda mashine aliyoiita Liberty Bell, kwa jina la kengele mashuhuri ya uhuru wa Marekani. Badala ya karata tano, aliweka magurudumu matatu yenye alama tano pekee: kiatu cha farasi, uru, shupaza, kopa na kengele. Kwa kuwa alama zilikuwa chache, mitambo ya ndani iliweza kutambua mpangilio wa ushindi na kumwaga sarafu yenyewe. Kengele tatu zikijipanga, mchezaji alilipwa senti 50 za Marekani, ambayo ndiyo ilikuwa zawadi kuu.

Mashine hiyo ilifanya kazi kwa springi, meno ya chuma na vizuizi. Mkono ulipovutwa, springi ilikazwa na magurudumu yakaachiliwa yazunguke. Kisha vizuizi viliyasimamisha moja baada ya jingine kuanzia kushoto. Mpangilio huo wa kusimama kwa zamu ulimfanya mchezaji angojee gurudumu la mwisho kwa hamu, na hadi leo haujaachwa.

Hesabu ya enzi hizo ilikuwa rahisi. Kila gurudumu lilikuwa na vituo kumi. Kumi mara kumi mara kumi ni 1,000, kwa hivyo kulikuwa na mipangilio 1,000 na si zaidi. Mtu mwenye subira angeweza kuzihesabu alama na kujua uwezekano wake wa kushinda.

Matunda na sheria

Mashine za Fey zilienea haraka, na upinzani ukafuata. San Francisco ilizipiga marufuku mwaka wa 1909, na jimbo zima la California likafanya hivyo mwaka wa 1911.

Watengenezaji walitafuta mwanya. Kampuni ya Mills Novelty ya Chicago, iliyokuwa imeanza kuunda mashine za aina hiyo mwaka wa 1907, pamoja na wenzake katika biashara hiyo, waliuza mashine zilizotoa peremende za kutafuna pamoja na mchezo. Hivyo wangeweza kudai kwamba mteja amenunua peremende, hajacheza kamari. Picha za cheri, limau na plamu zilizowekwa kwenye magurudumu ziliwakilisha ladha za peremende hizo. Alama ya BAR, ambayo ingali inaonekana kwenye mashine nyingi, inaaminika kuwa ilitokana na nembo ya peremende. Ndiyo sababu Waingereza huziita mashine hizi mashine za matunda.

Katika miaka ya 1930, biashara hiyo iliingiliwa na magenge ya wahalifu. Jijini New York, mashine nyingi zilidhibitiwa na jambazi maarufu Frank Costello. Meya Fiorello La Guardia alipoingia madarakani mwaka wa 1934, alizitwaa mashine hizo, akapigwa picha akizivunja kwa nyundo, kisha zikatupwa majini. Costello hakukata tamaa. Alihamishia biashara yake jimboni Louisiana.

Jimbo la Nevada lilichukua mkondo tofauti. Mwaka wa 1931 lilihalalisha kamari katika kasino, uamuzi uliolifanya jiji la Las Vegas kuwa kitovu cha mchezo huo. Kisha mwaka wa 1951, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozuia kusafirisha mashine za kamari kutoka jimbo moja hadi jingine, isipokuwa kwenda pale ambapo ni halali.

Umeme na kompyuta

Mwaka wa 1963, kampuni ya Bally ya Chicago ilizindua mashine iitwayo Money Honey. Magurudumu yake yaliendeshwa kwa umeme, na hifadhi yake ya sarafu iliweza kulipa hadi sarafu 500 bila msaada wa mhudumu. Kuanzia hapo, mkono wa chuma ulibaki kuwa pambo tu. Kitufe kilitosha.

Mwaka wa 1976, kampuni ya Fortune Coin ya Las Vegas ilitengeneza mashine ya kwanza isiyokuwa na magurudumu halisi. Picha zilizunguka kwenye skrini ya televisheni.

Hata hivyo, badiliko kubwa kuliko yote halikuonekana kwa macho. Mwaka wa 1984, Inge Telnaes, mwanahisabati mwenye asili ya Norway, alipewa hataza nchini Marekani ya mbinu ya kuiachia kompyuta kazi ya kuamua mahali ambapo gurudumu litasimama.

Umuhimu wa mbinu hiyo unaonekana kwa mfano. Gurudumu halisi lina nafasi ndogo, kwa kawaida vituo 22. Magurudumu matatu ya aina hiyo yana mipangilio 10,648. Iwapo kila gurudumu lina alama moja ya zawadi kuu, uwezekano wa kuipata ni mara moja kati ya 10,648. Mwenye kasino hawezi kuahidi zawadi ya mamilioni kwa uwezekano huo bila kufilisika.

Telnaes alibuni gurudumu la pili, lililomo ndani ya kompyuta pekee, ambalo lingeweza kuwa na vituo 64 au zaidi. Kila kituo cha gurudumu hilo lisiloonekana huelekezwa kwenye kituo kimoja cha gurudumu linaloonekana. Alama ya zawadi kuu hupewa kituo kimoja tu kati ya 64, ilhali nafasi tupu hupewa vituo kadhaa. Hapo uwezekano wa kupata zawadi kuu huwa mara moja kati ya 262,144. Mchezaji anaendelea kuona gurudumu lenye vituo 22, lakini anacheza na jingine ambalo hajawahi kuliona.

Mbinu hiyo ndiyo iliyowezesha zawadi kubwa za siku hizi. Mwaka wa 1986, kampuni ya IGT ilianzisha mtandao wa Megabucks, unaounganisha mashine za kasino mbalimbali za Nevada ili sehemu ndogo ya kila dau iingie katika kapu moja. Mwezi Machi 2003, mchezaji mmoja jijini Las Vegas alishinda takriban dola milioni 39.7.

Kinachotokea kitufe kinapobonyezwa

Ndani ya mashine ya kisasa mna programu ambayo kazi yake ni kuzalisha nambari za nasibu. Programu hiyo haipumziki. Hata pasipo mtu anayecheza, hutoa mamia au maelfu ya nambari kila sekunde.

Kitufe kinapobonyezwa, mashine huchukua nambari zilizopo wakati huohuo, moja kwa kila gurudumu. Nambari hiyo hugawanywa kwa idadi ya vituo, na kinachobaki ndicho huonyesha kituo. Kwa mfano, nambari ikiwa 7,500 na vituo ni 64, jibu ni 117 na baki ni 12. Gurudumu litasimama kwenye kituo cha 12.

Yote hayo hukamilika kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka. Mzunguko unaoonekana, mlio, na kusitasita kwa gurudumu la mwisho ni maonyesho tu. Matokeo yamekwisha kuamuliwa.

Kwa msingi huo, mashine ya aina hii haina kumbukumbu. Iliyotoa zawadi kuu dakika moja iliyopita ina uwezekano uleule wa kuitoa tena. Iliyokaa mwezi mzima bila kutoa haijakaribia kuitoa. Vilevile, mchezaji anayeondoka na kumwona mwenzake akishinda papo hapo hajaporwa chochote. Kama angebaki, angebonyeza kitufe katika sehemu nyingine ya sekunde na kupata nambari tofauti.

Si mashine zote zifanyazo kazi hivyo. Nchini Uingereza kuna zile ambazo hurekebisha malipo kwa kutazama michezo iliyotangulia ili asilimia iliyopangwa ifikiwe, na kanuni huzitaka zionyeshe tangazo la kumjulisha mchezaji. Lakini hata hizo hazimsaidii anayedhani mashine imeshiba. Hesabu hiyo hufanyika ndani, mchezaji haioni, na lengo lake ni kuilinda sehemu ya mwenye mashine.

Asilimia ya marejesho

Kila mashine hupangiwa asilimia ya fedha ambazo, kwa wastani wa muda mrefu, itawarudishia wachezaji. Sheria za Nevada zinataka asilimia hiyo isipungue 75. New Jersey imeweka 83. Kasino nyingi kubwa hupanga zaidi ya hapo, mara nyingi kati ya asilimia 85 na 95.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mchezaji akisikia asilimia 90, hudhani kwamba akienda na Sh1,000 atarudi nyumbani na Sh900. Sivyo. Asilimia hiyo huhesabiwa kwa kila dau, si kwa fedha alizokuja nazo mfukoni. Akizicheza zile Sh1,000 mara moja, kwa wastani hubaki na Sh900. Akizirudisha hizo, hubaki na Sh810, kisha Sh729. Zikipita mashineni mara saba, hubakiwa na takriban Sh478, chini ya nusu.

Mwendo wa kasi huharakisha hasara. Mtu anayebonyeza kitufe mara kumi kwa dakika hucheza mara 600 kwa saa. Dau likiwa Sh20, basi amezungusha Sh12,000. Kwa mashine inayorejesha asilimia 90, hasara ya wastani ni Sh1,200 kwa saa moja, hata kama aliketi akiwa na Sh1,500 pekee. Ikiwa mashine inarejesha asilimia 75, hasara ya wastani kwa mwendo huohuo hupanda hadi Sh3,000 kwa saa, na fedha zake zitamwishia mapema.

Ni kweli kwamba wapo wanaoshinda. Pasipo washindi mchezo ungekufa. Lakini fedha za mshindi hutoka katika mifuko ya wachezaji wenzake, baada ya mwenye mashine kuondoa sehemu yake.

Kwa nini ni vigumu kuacha

Katika miaka ya 1950, mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner alionyesha kwamba njiwa anayepewa chakula kila anapodonoa kitufe huacha kudonoa mara chakula kinapokatizwa. Anayepewa chakula mara mojamoja, bila mpango anaoweza kuutambua, huendelea kudonoa kwa muda mrefu. Skinner mwenyewe alitaja mashine za kamari kuwa mfano wa jambo hilo kwa binadamu.

Jambo la pili ni kukosa chupuchupu. Kwa kuzipa vituo vingi zile nafasi tupu zilizo juu na chini ya alama ya zawadi kuu, mtengenezaji huweza kuifanya alama hiyo isimame mara kwa mara karibu kabisa na mstari wa ushindi. Mchezaji huona kwamba amekaribia, ilhali kihesabu kukosa kwa kidole kimoja ni sawa na kukosa kwa maili. Mwaka wa 1989, wasimamizi wa kamari wa Nevada waliikataza kampuni moja ya Kijapani kutumia programu iliyobadilisha mchezo uliopotea ili uonekane kama uliokosa kidogo. Lakini mpangilio wa gurudumu lisiloonekana uliruhusiwa kuendelea.

La tatu ni hasara inayovishwa vazi la ushindi. Mashine za skrini humruhusu mchezaji kuwekea dau mistari mingi kwa wakati mmoja. Akiweka shilingi moja kwa kila mstari katika mistari 20, kisha akashinda Sh8, mashine hupiga muziki na kuwasha taa kana kwamba amefaulu. Kwa kweli amepoteza Sh12. Mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walibaini kwamba mwili wa mchezaji huitikia hasara ya namna hiyo kama unavyoitikia ushindi.

Madaktari nao wameubadilisha mtazamo wao. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotolewa mwaka wa 2013 uliuweka ugonjwa wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Dalili zake ni pamoja na kuongeza dau ili kupata msisimko uleule, kurudi kesho yake kufukuzia fedha zilizopotea, kuwadanganya jamaa, na kushindwa kuacha licha ya kujaribu mara kadhaa.

Mashine za vichochoroni

Nchini Kenya, kamari ilisimamiwa kwa miongo mingi na sheria ya mwaka wa 1966, iliyobuni bodi ya kutoa leseni. Kwa muda mrefu mashine zilipatikana katika kasino za mijini, mbali na mwananchi wa kawaida.

Hali ilibadilika katika miaka ya 2010, wakati mashine ndogo zilizoundwa China zilipoenea katika baa, maduka na vichochoro vya miji midogo hadi vijijini. Nyingi zina miraba 24 iliyopangwa kuzunguka fremu, yenye picha za tufaha, chungwa, embe, kengele, tikitimaji, nyota, nambari 77 na BAR. Mchezaji hutumbukiza sarafu, huchagua picha, kisha taa hukimbia kuzunguka miraba hadi isimame.

Anayehesabu miraba hudhani amepata siri yake. Lakini taa hiyo, kama yalivyo magurudumu ya Las Vegas, huenda ilikoamriwa na programu. Isitoshe, mashine nyingi za aina hiyo zina mipangilio ya siri inayomwezesha mwenyewe kuchagua kiwango cha marejesho. Huko Nevada, programu hukaguliwa na serikali kabla ya mashine kuruhusiwa kutumika, na kuibadilisha bila idhini ni kosa. Katika kichochoro kisichokuwa na leseni, mkaguzi ni yuleyule mwenye ufunguo.

Hata ukaguzi wenyewe haukosi dosari. Mwaka wa 1995, ilifichuka kwamba Ron Harris, mtaalamu wa kompyuta aliyeajiriwa na bodi ya Nevada kukagua mashine, alikuwa ametia ndani yake programu iliyotoa malipo kwa mpangilio maalum wa sarafu. Alifungwa jela. Ikiwa hayo hutendeka penye wakaguzi, ni rahisi kukisia yanayoweza kutendeka pasipo na mkaguzi yeyote.

Malalamiko ya wazazi na walimu kwamba watoto walikuwa wakitumia nauli na fedha za chakula mashineni yaliifanya Serikali kuchukua hatua. Katika miaka ya 2017 na 2018, maafisa wa utawala waliendesha misako, na mashine zilizonaswa zikateketezwa hadharani, mithili ya zile za Meya La Guardia miaka zaidi ya 80 kabla yake. Mwaka wa 2025, sheria mpya ya kudhibiti kamari iliidhinishwa kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Chini ya sheria hizo, aliye na umri wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari.

Hata hivyo, mashine inayoteketezwa haiteketei pamoja na imani iliyomfanya mtu aketi mbele yake. Mchezo uleule sasa unapatikana kwenye simu ya mkononi, ambako hakuna sarafu inayotumbukizwa wala mlango unaofungwa usiku. Magurudumu ni picha tu, lakini hesabu iliyo nyuma yake ni ileile. Anayeifahamu anajua kwamba kila anapobonyeza kitufe ananunua burudani ya sekunde chache, na kwamba bei yake imekwisha kupangwa na mwenye mashine. Asiyeifahamu hulipa bei hiyohiyo, akidhani anawekeza.